Je, Wajua? Rede haihitaji goli wala filimbi

Mpira wa rede hautoki dukani. Watoto wa Shinyanga na Geita huchukua soksi kuukuu, wakaijaza matambara na kuikaza kwa kamba. Mifuko ya plastiki nayo ilitumika sana, hadi ilipopigwa marufuku nchini Juni 2019.

Wachezaji wawili husimama pande mbili wakimlenga aliye katikati. Huyo hukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Akipigwa, ametoka, chupa ikijaa, ameshinda. Sheria ndogondogo hutofautiana mtaa kwa mtaa, na ubishi wake ni nusu ya utamu. Wasichana ndio mabingwa. Mvulana anayejiona mwepesi aingie katikati aone!

Wavulana wengi hukimbilia chandimu, yaani soka la mtaani, na wana wa kumtazama: msimu wa 2021/22, George Mpole wa Geita Gold aliibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu kwa mabao 17.

Mzazi, kabla watoto hawajachora mistari, kagua eneo. Mashimo ya machimbo yaliyoachwa wazi si jirani mwema wa uwanja.