Protini inayobeba mafuta ya moyo, na saa za mwanzo za mshtuko

Karibu nusu ya uzito wa kiini cha korosho inayobanguliwa Mnyambe, kwenye uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya oleiki. Mlaji akishakula, utumbo huyameng'enya, damu huyasafirisha, na sehemu yake huishia kwenye misuli ya moyo. Huko yanangojewa, kwa kuwa moyo wa mtu mzima mwenye afya hupata zaidi ya nusu ya nguvu zake kwa kuunguza asidi za mafuta.

Tatizo ni kwamba mafuta hayayeyuki kwenye maji, na seli ya moyo imejaa maji. Asidi za mafuta zikirundikana humo bila kushikwa na kitu, hufanya kazi ya sabuni na kubomoa kuta nyembamba za seli. Mwaka 1972 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Robert Ockner walitangaza kuwa wameona, kwenye utumbo wa panya, protini ndogo inayozishika asidi hizo. Baadaye ikajulikana kwamba ini lina ya kwake, na moyo una ya kwake.

Kuipata protini ya moyo ikiwa peke yake ni kazi inayoanzia machinjioni. Moyo wa ng'ombe hutiwa kwenye barafu mara tu baada ya kuchinja, la sivyo vimeng'enya vya nyama yenyewe huanza kuzitafuna protini. Maabara huondoa mafuta ya nje, husaga nyama ndani ya maji ya chumvi, kisha huuzungusha uji huo kwa kasi kubwa mpaka nyuzi zizame chini. Maji mekundu yanayobaki juu yana protini inayotafutwa, pamoja na nyingine nyingi mno.

Maji hayo humiminwa kwenye bomba lililojazwa chembe zenye vitundu. Ni ungo unaofanya kazi kinyume: protini kubwa hazipenyi vitunduni, kwa hiyo hutangulia kutoka, na ndogo huingia, huzungukazunguka humo na kuchelewa. Protini ya moyo ina uzito wa daltoni 15,000 hivi, kwa hiyo hutoka mwishoni. Lakini mayoglobini, ile inayoipa nyama wekundu wake, ina daltoni 17,000 tu na huitangulia kwa karibu sana. Kuzitenganisha kunahitaji bomba la pili, lenye chembe za chaji ya umeme, kwa sababu protini hizi mbili hazilingani chaji. Mwisho, asidi za mafuta ambazo protini imetoka nazo moyoni huvutwa na chembe zinazopenda mafuta, katika nyuzijoto 37. Hapo ndipo inaweza kutiwa asidi iliyowekewa alama ya mionzi na kupimwa inashika kiasi gani. Jibu ni moja kwa moja: protini moja, asidi moja, iliyokunjwa ndani ya mfuko uliofunikwa vizuri.

Uangalifu wote huu una sababu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Berlin walitoa kwenye kiwele cha ng'ombe protini waliyoamini inazuia ukuaji wa seli. Miaka kadhaa baadaye ilibainika kuwa sampuli ile ilikuwa mchanganyiko wa protini ya moyo na ndugu yake wa seli za mafuta. Na mwaka 1999 panya walioondolewa jeni ya protini hii walionyesha umuhimu wake: mioyo yao ilishindwa kutumia asidi za mafuta ipasavyo, ikaegemea sukari, na wenyewe wakachoka upesi wakikimbizwa.

Mwaka 1988 Jan Glatz na wenzake wa Maastricht, Uholanzi, walionyesha kuwa moyo ulionyimwa damu huivujisha protini hii. Kwa kuwa ni ndogo na huelea huru ndani ya seli, hutoka mapema. Katika mshtuko wa moyo, kiwango chake kwenye damu huanza kupanda ndani ya saa 3 za mwanzo, hufika kilele kati ya saa ya 6 na ya 8, kisha figo huisafisha na ndani ya siku moja imeondoka. Troponini, kipimo kinachoongoza leo, hukaa siku kadhaa, na mashine mpya huiona mapema kuliko zamani.

Kwenye uwanda wa Makonde saa hizo za mwanzo mara nyingi huishia nyumbani na njiani. Mtu hudhani ana kichomi, gesi au vidonda vya tumbo. Anasubiri kuche, anatafuta bodaboda. Utafiti uliofanywa kwenye idara ya dharura huko Moshi ulipima watu wazima waliofika na maumivu ya kifua au kubanwa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa.

Ndiyo maana nasema kipimo cha protini hii kikikaa Mtwara mjini, faida yake imekwisha kabla mgonjwa hajafika. Mahali pake ni zahanati na kituo cha afya, na kinatengenezeka kwa muundo uleule wa kipimo cha haraka cha malaria, tone la damu na mstari. Kina udhaifu wake. Misuli ya mikono na miguu ina protini hiyohiyo, hivyo mkulima aliyebeba magunia kutwa anaweza kuonekana mgonjwa, na mwenye figo mbovu vilevile. Mayoglobini iliyokuwa kero maabara inasaidia hapa: uwiano wake na protini hii ni mdogo moyoni na mkubwa zaidi kwenye misuli mingine, kwa hiyo ukizipima zote mbili unaweza kujua uvujaji umetoka wapi.

Kipimo cha umeme wa moyo, ECG, bado kinatangulia. Anayebanwa kifua kwa dakika kadhaa, maumivu yakienda mkono wa kushoto au tayani huku akitokwa jasho la baridi, apelekwe penye ECG bila kusubiri asubuhi, na atafune aspirini ikiwa haimdhuru na hatoki damu. Anayemsindikiza aandike saa maumivu yalipoanza. Bila saa hiyo mhudumu hawezi kujua kama majibu safi yana maana ya moyo mzima, au damu imechukuliwa kabla protini haijaanza kuvuja.