Kabla ya Kukodi Nyumba Kando ya Ziwa

Likizo kubwa inakaribia, na baadhi ya familia zetu zinatafuta nyumba ya bei nafuu kando ya Ziwa Tanganyika, hapa Uvira. Ni vema wazazi na watoto wapumzike pamoja. Lakini bei ndogo huwa na sababu yake, nasi tunawasihi muijue kwanza.

Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi mjini. Baadaye ziwa lenyewe likapanda, likaingia katika nyumba za Kavimvira. Kila mwaka maji hupanda hadi mwisho wa mvua, kisha hushuka polepole wakati wa kiangazi. Kwa hiyo nyumba mnayoonyeshwa Julai inaweza kuwa kavu kabisa. Hata katika mfano wa Bwana wetu (Mathayo 7:24-27), ni mafuriko yaliyotofautisha nyumba ya mwamba na ile ya mchanga.

Basi angalieni ukuta: alama ya maji imefika wapi? Waulizeni majirani, si komisyonere peke yake. Ulizeni choo kiko wapi na maji ya kunywa yanatoka wapi, maana kipindupindu hakijatuacha. Waulizeni wavuvi kama kuna mamba au viboko kabla watoto hawajaoga.

Mkiona nyumba ni salama, lipeni kwa haki. Mwenye nyumba huenda alipoteza mengi majini; shida yake isiwe faida yetu. Bwana awape pumziko jema.