Pensheni ya Mzimamoto Isiachwe Iliwe na Bei

Nyumba inapowaka moto watu wote hukimbilia nje, isipokuwa mmoja ambaye hukimbilia ndani. Huyo ni askari wa zimamoto. Hakuna mshahara uwezao kulingana na hatari anayoiingia, na kwa hiyo nchi nyingi zimempa ahadi ya pili juu ya mshahara: kwamba siku nguvu zitakapomwishia atapewa pensheni ya kumtunza mpaka mwisho wa maisha yake. Makala haya yahusu ahadi hiyo, na jinsi iwezavyo kuvunjwa bila ya mtu yeyote kukiri kuwa ameivunja.

Pensheni huvunjwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya wazi: mstaafu huambiwa kuwa kuanzia mwezi ujao atapokea kiasi pungufu. Jambo hilo huleta kelele, kesi na maandamano. Njia ya pili haina kelele. Mstaafu huachiwa kiasi kile kile alichoanza nacho, huku bei ya unga, mafuta, dawa na nauli ikipanda kila mwaka. Hesabu yake ni nyepesi. Bei zikipanda kwa asilimia 3 tu kila mwaka, pensheni isiyoongezwa iliyoweza kununua vitu vya shilingi 100 itanunua vitu vya shilingi 74 baada ya miaka 10, na vya shilingi 55 baada ya miaka 20. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Na mzee wa miaka 80 anapochungulia ndani ya buyu lake hukuta karibu nusu imekwisha kuchovywa, wala hamjui aliyechovya.

Kwa sababu hiyo yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba nyongeza ya pensheni inayofuata gharama za maisha si zawadi, wala si sadaka kwa wazee. Ni kumlipa mtu kile kile alichoahidiwa, kwa thamani ile ile.

YALIYOTOKEA DETROIT

Mfano ulio wazi kupita yote tunaupata Marekani, katika mji wa Detroit. Mwaka 1950 mji huo wa viwanda vya magari ulikuwa na watu wapatao milioni 1.85. Hesabu ya watu ya mwaka 2010 ilikuta hawafiki 715,000. Viwanda vilihama, watu wakahama, kodi zikapungua. Nyumba maelfu zikabaki tupu, na nyumba tupu ni kuni. Mwishoni mwa Oktoba 1984, katika muda wa siku tatu, mioto zaidi ya 800 iliwashwa mjini humo. Waliokwenda kuizima ndio wale ambao miaka 30 baadaye walikaa barazani kwao, wastaafu, wakisubiri kuambiwa iwapo ahadi waliyopewa bado ni ahadi.

Tarehe 18 Julai 1913 haikuwa siku ya msiba huo. Msiba ulikuja karne moja baadaye, tarehe 18 Julai 2013, pale Detroit ilipokwenda mahakamani kutangaza kuwa imefilisika, ikiwa na madeni yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 18. Haujapata kuwako mji mkubwa zaidi kufilisika katika historia ya Marekani. Katiba ya jimbo la Michigan ya mwaka 1963 husema kwamba pensheni aliyokwisha kuichuma mtumishi wa umma ni mkataba usioweza kupunguzwa. Wazee wakaishika Katiba hiyo kama ngao. Lakini mwezi wa Desemba 2013 Jaji Steven Rhodes aliamua kuwa chini ya sheria ya ufilisi ya taifa pensheni zaweza kuguswa kama deni lingine lolote.

Ukaja wakati wa kupatana. Mji ulikuwa na jumba la sanaa lenye picha za thamani kubwa, zikiwamo kazi za van Gogh na Bruegel, na wadai walitaka ziuzwe. Mashirika ya hisani, Serikali ya jimbo na jumba lenyewe wakaahidi kutoa dola milioni 816 katika muda wa miaka 20, ili picha zisiuzwe na pensheni zisikatwe mno. Wastaafu wa kazi za kawaida walipoteza asilimia 4.5 ya pensheni na nyongeza yao yote ya kila mwaka. Wastaafu wa polisi na zimamoto waliachiwa pensheni yao ya msingi bila kuguswa, na magazeti mengi yakaandika kuwa wameokoka.

Je, waliokoka? Nyongeza yao ya kila mwaka, iliyokuwa asilimia 2.25, ilikatwa ikabaki asilimia 1 hivi. Hata tukihesabu kwa njia nyepesi kabisa, bila kujumlisha nyongeza juu ya nyongeza, kila dola 100 ambazo zingeongezeka dola 45 katika miaka 20 sasa zitaongezeka dola 20 tu. Zaidi ya hayo, bima yao ya afya ilipunguzwa sana. Na polisi na wazimamoto wa Detroit hawakuwamo katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa taifa, ambao tangu mwaka 1975 malipo yake hupanda yenyewe kufuata bei. Pensheni ya mji ndiyo iliyokuwa nguzo yao. Mwezi wa Juni 2022, bei nchini Marekani zilipokuwa zimepanda kwa asilimia 9.1 katika mwaka mmoja, nyongeza ya asilimia 1 ilikuwa kama kijiko cha maji juu ya paa linalowaka.

Wapo watakaosema kwamba wazee wenyewe walikubali. Ni kweli, katika kura ya mwaka 2014 asilimia 82 ya wastaafu wa polisi na zimamoto waliopiga kura waliunga mkono mpango huo. Lakini mtu anayeambiwa achague kati ya kupoteza kidogo leo na kupoteza kingi kesho hajapewa hiari. Amepewa nafasi ya kutia sahihi.

AHADI ISIYOANDIKWA SAWASAWA

Msomaji asidhani kwamba hali hiyo ni ya mji uliofilisika peke yake. Jimbo la New Jersey halikufilisika, lakini mwaka 2011 lilipitisha sheria ya kusimamisha nyongeza za gharama za maisha kwa wastaafu wa umma, polisi na wazimamoto wakiwamo. Wastaafu wakashitaki. Mwaka 2016 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo hilo ikaamua kwamba Bunge halikuwa limeandika waziwazi kuwa nyongeza ni haki isiyoondosheka. Pensheni yenyewe ilikuwa ahadi, nyongeza haikuwa.

Huko New York sheria ya nyongeza imekuwapo tangu mwaka 2000, na kwa mbali yapendeza. Huongeza nusu ya kiwango cha kupanda kwa bei, isipungue asilimia 1 wala isizidi asilimia 3. Lakini asilimia hiyo huhesabiwa juu ya dola 18,000 za kwanza za pensheni tu. Maana yake ni kwamba hata bei zikipanda namna gani, nyongeza ya mwaka mzima haiwezi kupita dola 540, yaani dola 45 kwa mwezi. Na huu ndio mji ambao tarehe 11 Septemba 2001 ulipoteza wazimamoto 343 kwa siku moja, na ambao kufikia mwaka 2024 ulikuwa umezika wengine zaidi ya idadi hiyo kwa maradhi yaliyotokana na vumbi na moshi wa siku ile.

Maradhi hayo si ya New York peke yake. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la mambo yaliyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Basi mzimamoto mstaafu ana haja ya dawa kuliko wengi wa rika lake. Kumwambia aishi kwa fedha zinazonyauka ni kumtaka alipe mara mbili: kwanza kwa mapafu, kisha kwa mfuko.

Uingereza imekwenda njia nyingine. Huko nyongeza ya pensheni za umma, ya wazimamoto ikiwamo, imewekwa katika sheria ya mwaka 1971, na hufuata kipimo cha bei kila mwezi wa Aprili. Bei zilipopanda kwa kasi, pensheni zilipanda kwa asilimia 10.1 mwezi wa Aprili 2023, na kwa asilimia 6.7 mwaka uliofuata. Hakuna mzee aliyelazimika kupiga magoti. Hata hivyo pana ufa: mwaka 2011 Serikali ilibadili kipimo chenyewe, ikachukua kile ambacho kwa kawaida hupanda polepole zaidi. Kumbe haitoshi kuandika kuwa pensheni itapimwa; ni lazima pia kuangalia anayeshika mizani.

FEDHA ZITATOKA WAPI?

Hoja ya wanaopinga si ya kupuuzwa. Wao husema kwamba nyongeza ya kila mwaka ni mzigo mzito, kwamba wazee sasa huishi miaka mingi, na kwamba kijana wa leo hawezi kutozwa kodi bila kikomo ili kulipa ahadi za jana. Lakini tazameni Detroit ilivyoanguka. Haikuanguka kwa sababu wazimamoto walikula mno. Ilianguka kwa sababu kwa miaka mingi mji uliahidi bila kuweka akiba ya kutosha, ukakopa ili kuziba pengo, na watu wenye kulipa kodi wakazidi kuondoka. Nyongeza iliyohesabiwa tangu mwanzo, na kuchangiwa tangu mwanzo, si mzigo wa ghafla. Huwa mzigo pale tu inapokumbukwa siku ya kulipa.

NA SISI JE?

Kwetu Tanzania Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liliundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo mwezi wa Novemba 2024, taifa zima liliwaona askari hao wakichimbua kifusi usiku na mchana. Hao nao watazeeka. Na katika jambo la pensheni sisi tumekuwa na mjadala wetu mkali. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF. Kikokotoo kipya kikazusha manung'uniko, na tarehe 28 Desemba mwaka huo huo Rais John Magufuli akakisimamisha. Mwaka 2022 malipo ya mkupuo yaliwekwa asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikayapandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata robo.

Serikali ilisikiliza, na ni jambo la kusifiwa. Lakini mjadala huo wote ulikuwa juu ya mkupuo, yaani fedha za siku ya kwanza. Mkupuo hujenga nyumba. Anayeishi ndani ya nyumba hiyo kwa miaka 20 huishi kwa fedha za kila mwezi. Mwaka 2015 kima cha chini cha pensheni ya Hazina kilipandishwa kutoka shilingi 50,000 hivi hadi 100,000 hivi. Lilikuwa tendo jema. Tendo jema, hata hivyo, husubiri siku ya kutendwa, na bei haisubiri.

Basi hatuna budi kuyashika mambo matatu. La kwanza, nyongeza ifuate kipimo cha bei kinachojulikana na siku inayojulikana kila mwaka, ili mstaafu asiwe mwombaji. La pili, michango ya mwajiri ifike katika mfuko kwa wakati; hatifungani ya zaidi ya shilingi trilioni 2 ambayo Serikali ililazimika kuipa PSSSF mwaka 2021 kwa ajili ya deni la zamani yatosha kutufundisha bei ya kuchelewa. La tatu, anayepokea kidogo afikiriwe kwanza, maana asilimia 5 ya pensheni kubwa ni karamu, na asilimia 5 ya pensheni ndogo ni kibaba cha unga.

Ahadi ni deni, na deni hili lina sifa moja ya pekee: anayelidai hana tena nguvu za kugoma. Aliyeingia katika moto kwa ajili yetu hakuuliza kwanza iwapo kulikuwa na fungu la fedha. Tumlipe kwa thamani ile ile tuliyomwahidi, akiwa angali hai kuipokea.