Kifaranga Hutoka Mwenyewe

Wanangu, ingieni nami darasani. Juu ya meza ile, mbali na jua la dirishani, kuna kiatamizi: sanduku la umeme lenye mfuniko unaoonyesha ndani. Humo mna mayai. Mwalimu hakuyatoa dukani. Mayai ya dukani kwa kawaida hutagwa na kuku wasiofugwa pamoja na jogoo, na yai la namna hiyo halitoi kifaranga hata likiatamiwa mwaka mzima.

Sanduku hili linafanya kazi ya kuku anayeatamia. Linatoa joto la nyuzi 37.5 za Selsiasi, usiku na mchana, kwa siku 21. Kuku huyageuza mayai yake kwa mdomo. Hapa watoto wananawa mikono, kisha wanayageuza kwa zamu, angalau mara 3 kwa siku. Yasipogeuzwa, kifaranga anayeumbika hugandamana na utando wa ndani ya ganda, akafa.

Siku ya 7, fungeni madirisha. Mwalimu anamulika yai kwa tochi upande wake butu. Tazameni! Mishipa myekundu imetanda kama mizizi, na kidoa cheusi kinachezacheza. Hilo ni jicho. Moyo nao unadunda tangu siku ya 2.

Siku ya 18 tunaacha kuyageuza. Kifaranga amejipanga, kichwa chake kikielekea penye nafasi ya hewa. Siku yake ikikaribia, anatoboa utando, anavuta pumzi ya kwanza na kulia akiwa bado ndani: pii, pii, pii! Nchani mwa mdomo ana kijino kigumu. Kwa kijino hicho analitoboa ganda. Halafu kimya. Saa moja, saa tano, saa kumi.

"Mwalimu, amekwama! Tumsaidie!"

Msimsaidie, wanangu. Wakati huo damu iliyo katika mishipa ya utando inarudi mwilini mwake, na kiini cha yai kinaingia tumboni. Mkibandua ganda mapema mtaikata mishipa hiyo, naye anaweza kutoka damu mpaka afe. Akiwa tayari atalikata ganda kwa kulizunguka, atalisukuma kwa miguu, na atatoka ameloa, amechoka, mzima.

Mwacheni akauke humo humo. Kile kiini alichokiingiza tumboni kitamlisha kwa siku 2 hivi. Akishakauka, mhamishieni kwenye boksi lenye taa ya joto, chakula cha vifaranga, na maji katika chombo cha kina kifupi asije akazama. Mkimshika, mshikeni taratibu, kisha nawieni sabuni, kwani kuku hubeba vijidudu vya kuumiza tumbo.

Na kabla ya kuweka yai la kwanza, ulizaneni: hawa wakikua watalala banda gani, na nani atawalisha wakati wa likizo? Kama hamna jibu, msianze.