Viza, Dhahabu na Amana: Yampasayo Mwanamke Msafiri

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Safari ya Dubai si jambo geni kwa watu wa pwani. Wazee wetu walikwenda Ghuba kwa majahazi wakingoja pepo za msimu; leo ndege hutoka Mombasa moja kwa moja hadi Dubai, na mwanamke aliyeswali Alfajiri kwake Kibokoni huweza kulala usiku ule ule Deira. Wepesi huu ni neema. Lakini kila inapokaribia misimu ya harusi, maswali yanayotufikia kutoka kwa kina mama huwa ni yale yale: mmoja anauliza kuhusu viza, mwengine kuhusu dhahabu aliyonunua, na wa tatu kuhusu kidani alichopewa na jirani amfikishie mwanawe. Tumeona ni vyema kuyakusanya maswali haya mahali pamoja, kwa kuwa asili yake ni moja. Yote matatu ni mambo ya ahadi.

Viza ni mkataba

Wengi wetu huiona viza kama kikwazo kilichowekwa mlangoni, kinachovukwa kwa fedha na subira. Kwa hakika viza ni makubaliano. Mwenye nchi anamwambia mgeni: ingia kwa kazi hii, kwa siku hizi, kwa sharti hili. Mgeni akiipokea na akaingia, ameridhia. Nasi tunajua kwamba mwanzo kabisa wa Suratul Maida waumini wanaamrishwa kutimiza mikataba yao, wala amri hiyo haikubagua mkataba uliofungwa na jirani na ule uliofungwa na dola.

Viza ya utalii ya Falme za Kiarabu kwa kawaida hutolewa kwa siku 30 au 60. Mwenye pasipoti ya Kenya huiomba kabla ya kuondoka, kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala wa safari aliyesajiliwa. Pasipoti yake iwe na muda usiopungua miezi sita. Akifika anaweza kuulizwa tikiti ya kurudi, mahali atakapofikia na uwezo wake wa kujikimu. Basi karatasi hizo ziwe mkononi, zisiwe ndani ya sanduku lililokwishapelekwa kwenye ndege. Akizidisha siku zake, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku. Mwenye kuzidisha siku 40 kwa sababu ya arusi ya binamu iliyoahirishwa atadaiwa dirhamu 2,000, nayo ni fedha ambayo ingetosha kumlipia mtoto karo.

Viza ya utalii si viza ya kazi. Hapa tunawausia mabinti zetu na wazazi wao kwa mkazo. Ajaye nyumbani akasema, “Binti aende kwanza kwa viza ya matembezi, kazi ataikuta huko huko na karatasi zitabadilishwa,” huyo anamtoa binti nje ya hifadhi ya sheria kabla hajaondoka. Hana mkataba wa kazi wa kudai mshahara kwao, na akidhulumiwa ataogopa kushitaki kwa kuwa yeye mwenyewe yumo makosani. Mzazi asiyeona mkataba ulioandikwa, wenye jina la mwajiri, mshahara na masharti, asitoe idhini yake wala pasipoti ya mwanawe.

Wala viza ya utalii ya Saudi Arabia si kibali cha Hija. Mwenye viza hiyo huruhusiwa kufanya Umra. Hija ina kibali chake. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilikuwa kali mno, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba waliofariki walikuwa 1,301, na kwamba asilimia 83 kati yao hawakuwa na kibali cha Hija. Wengi wao walitembea masafa marefu juani bila mahema wala mabasi waliyoandaliwa wenzao. Mwenyezi Mungu awarehemu. Ibada iliyowekewa sharti la uwezo haihitaji hila.

Jambo la mwisho katika mlango huu ni wakala. Wakala hupeleka ombi, hatoi viza. Anayekuahidi kwamba viza yako haina budi kutoka anaahidi asichokimiliki. Usikubali akuandikie kazi usiyoifanya au hesabu ya benki isiyo yako. Maneno yaliyo kwenye fomu ni maneno yako, na saini ni yako; wakala hatasimama nawe mbele ya afisa, wala hatasimama nawe Siku ya Hisabu.

Kutangaza si kutozwa

Hofu kubwa ya kina mama ni neno “kutangaza”. Wanadhani atangazaye mali yake ameikabidhi. Sivyo. Kutangaza ni kueleza ulichonacho. Ushuru ni jambo jengine kabisa, na mara nyingi mwenye kutangaza hatozwi hata senti.

Katika Falme za Kiarabu, msafiri anayeingia au anayetoka na fedha taslimu, madini ya thamani au vito ambavyo thamani yake inazidi dirhamu 60,000 hutakiwa kuvitangaza. Hizo ni kama dola 16,300 za Kimarekani. Zamani kiwango hiki kilionekana kuwa cha wafanyabiashara tu, lakini kwa jinsi bei ya dhahabu ilivyopanda, seti moja ya bibi harusi pamoja na bangili za mama yake huweza kukifikia. Wala mtu asidhani atawagawia watoto mikufu ili hesabu ipungue: mali iliyo kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 huhesabiwa pamoja na ya mzazi anayesafiri naye.

Kwetu Kenya, mwenye kuingia au kutoka na fedha zinazofikia dola 10,000, au thamani hiyo kwa sarafu nyengine, hana budi kuwaarifu maafisa wa forodha. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina kiwango cha yuro 10,000, na tangu tarehe 3 Juni 2021 huhesabu sarafu za dhahabu zenye usafi wa asilimia 90 au zaidi, na vipande vya dhahabu vya asilimia 99.5 au zaidi, kuwa sawa na fedha taslimu. Bibi anayempelekea mjukuu wake aliye Ujerumani sarafu za dhahabu ayajue haya mapema.

Stakabadhi moja, bei mbili

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhuzunisha. Falme za Kiarabu zilianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 mnamo Januari 2018. Mtalii aliyenunua kitu cha dirhamu 250 au zaidi, katika duka lililomo kwenye mpango huo, huweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo anapoondoka, mradi akitoe kitu chenyewe nchini ndani ya siku 90. Hata vipambo vya dhahabu vimo. Basi utamwona dada yetu uwanjani Dubai ameshika stakabadhi, akionyesha bei kamili ya kila bangili ili arudishiwe haki yake. Saa tano baadaye, akishuka Mombasa, stakabadhi ile ile imefichwa ndani ya kiatu, na bangili zile zile zimekuwa “za zamani, za marehemu mama”.

Tunawaomba wasomaji walipime jambo hili wenyewe. Suratul Mutaffifin imeshuka ikiwaonya wale wanaojipimia kamili wanapopokea, na wakapunguza wanapowapimia watu. Je, hii si mizani miwili?

Wapo watakaotujibu kwamba ushuru umezidi, na kwamba mali ya Muislamu ni yake, ana haki ya kuilinda. Hatukatai kwamba mali ina heshima, wala hatukatazi mtu kulalamikia ushuru kwa njia zilizo wazi. Lakini kuiokoa mali kwa mnyang'anyi aliyekukamata njiani ni mlango mmoja, na kujaza fomu kwa mkono wako, ukaitia saini kwamba uliyoandika ni kweli, ni mlango mwengine. Tena anayeficha hukhatarisha mali yote ili aokoe kipande chake, kwani kilichofichwa kikikamatwa huweza kuchukuliwa chote. Akili peke yake, kabla ya sheria, haioni biashara hapo.

Kipambo au bidhaa?

Je, kila bangili itozwe? La. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, vitu ambavyo msafiri anavitumia mwenyewe, alivyotoka navyo na anavyorudi navyo, havichukuliwi kama bidhaa. Vitu vipya alivyonunua nje vina kiwango chake cha msamaha, nacho huweza kubadilishwa; kiulizwe kabla ya safari. Na vilivyoletwa ili viuzwe ni biashara, hata viwe vimevaliwa shingoni.

Hapa mwanafunzi wa fiqhi atatabasamu, kwani swali la afisa wa forodha ni swali la mwanachuoni wa zaka. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba kipambo cha halali anachokivaa mwanamke, kisichofikia israfu, hakina zaka. Lakini dhahabu iliyowekwa kama akiba au kwa biashara ina zaka ikifikia mithqali 20, takriban gramu 85, na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu: asilimia 2.5. Dhahabu ni ile ile. Kinachotofautisha ni nia na matumizi. Mwanamke hawezi kumwambia afisa kwamba hizi ni akiba zake za siku nyingi, kisha akamwambia imamu wake kwamba hizi ni vipambo tu. Aamue moja, na aishi nalo kotekote.

Kwa sababu hii pia tunawakumbusha waume wasibebe bangili za wake zao mifukoni kwa kudhani wanawapunguzia mzigo. Mwanamume kwetu havai dhahabu, na afisa yeyote wa Ghuba analijua hilo. Dhahabu ya kike kwenye mfuko wa mwanamume inaita maswali. Kipambo kibaki na mwenyewe. Na akitakiwa kupekuliwa, ana haki ya kuomba kwa utulivu apekuliwe na afisa mwanamke, mahali pa sitara.

Dhahabu ya watu

Lililo zito kuliko yote ni amana. “Mama Fulani, unakwenda Dubai? Nichukulie kidani hiki umpe mwanangu,” au, “Niletee tola mbili, fedha hizi hapa.” Kukubali si lazima, na kukataa kwa upole si utovu wa udugu. Lakini ukikubali, fahamu hukumu yake.

Mwenye kuwekewa amana halipi ikipotea bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea. Akiibiwa ilhali ameihifadhi kama ahifadhivyo mali yake, hana deni. Akiiacha kwenye begi mkahawani akaenda kuswali, amezembea, naye atalipa. Na mwenye mali akimwambia atangaze, naye akaificha kwa kukwepa ushuru, ikakamatwa, basi amekwenda kinyume na alivyoagizwa na dhamana ni yake. Kwa hiyo kabla ya kuipokea, wapatane watatu, au hata wawili na shahidi: ni kitu gani, kina uzito gani, kina thamani gani, ushuru ukidaiwa nani atalipa. Waandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana; sisi tunaona haya kuandikiana na jirani, kisha tunanuniana naye miaka.

Wala usibebe kilichofungwa usichokifungua. Awe ni rafiki, awe ni jamaa, mfungue mzigo mbele yake, uone kwa macho yako. Sheria za dawa za kulevya katika nchi za Ghuba ni kali mno, na Saudi Arabia adhabu ya msafirishaji huweza kuwa kifo. Asiyekubali mzigo wake ufunguliwe amekwishakupa sababu ya kuukataa.

Njiani

Vya thamani visiwekwe kwenye sanduku linalopelekwa chini ya ndege. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, fidia ya mzigo uliopotea ina ukomo wake, ambao kwa sasa, baada ya kupandishwa Desemba 2024, ni kama dola 2,000 kwa msafiri mmoja, na mashirika mengi ya ndege husema wazi kwamba hayadhamini vito ndani ya masanduku. Vibebe kwenye begi la mkononi. Kabla ya kuondoka, vipige picha, mwombe sonara akupimie na akuandikie uzito na karati, na nakala ya karatasi hiyo imwachie mtu nyumbani. Ukirudi, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea kwamba ulitoka navyo.

Na kabla ya hayo yote, andika wasia wako. Msafiri hajui atakaporudi, na bangili ambayo nyumbani haijulikani ni ya mama au ni amana ya jirani huweza kuwagawanya ndugu kwenye matanga.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu kwenda kwa salama na kurudi kwa salama, mali zao ziwe za halali na ndimi zao ziwe za kweli, bandarini na uwanjani kama zilivyo msikitini. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.