ZEZE NA NGOMA ZA JADI: MANUFAA YA MKUSANYIKO WA SIKU MBILI

Wananchi walio wengi wamezoea kuiona ngoma ya jadi katika sherehe za kitaifa au wakati wa kumpokea mgeni rasmi. Kikundi huitwa uwanjani, hucheza kwa dakika chache, hupigiwa makofi, kisha hupisha hotuba. Utaratibu huo unaipa ngoma heshima, lakini hauilei. Makala haya yanaeleza kwa nini muziki wa zeze na ngoma zake unahitaji mkusanyiko wa siku mbili, yaani Jumamosi na Jumapili, na jinsi wakazi wa Tunduma na mkoa mzima wa Songwe wanavyoweza kunufaika na utaratibu huo.

ZEZE NI ALA GANI?

Zeze ni ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde. Kibuyu au gogo dogo lililochongwa huwambwa ngozi, kisha huchomekwa mti unaoshikilia uzi mmoja, nyuzi mbili au zaidi. Mpigaji hupitisha upinde juu ya uzi, na mtetemo wake hukuzwa na kibuyu. Huko pwani jina hili limetumika pia kwa ala ya ubao inayopigwa kwa vidole, hivyo msomaji asishangae akikuta zeze la namna mbili.

Miongoni mwa makabila yanayosifika kwa zeze ni Wagogo wa Dodoma. Aliyelifikisha mbali zaidi ni marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kupiga zeze na marimba katika nchi nyingi za dunia.

Shingo ya zeze haina alama ya kumwonyesha mwanafunzi mahali pa kuweka kidole. Sikio ndilo linalomwongoza. Kwa sababu hiyo zeze halifundishwi vyema kwa maandishi peke yake. Mwanafunzi hana budi kuketi karibu na fundi, kumtazama mkono na kumsikiliza kwa saa nyingi.

MPIGA ALA NA WACHEZAJI

Aidha, zeze halikai peke yake. Katika muziki wa Kigogo huambatana na waimbaji wa sauti mbalimbali, njuga na wachezaji. Nao wanawake wana ngoma yao ya muheme, ambayo huipiga wakiwa wameibana miguuni. Mpiga ala hupima kasi yake kwa nyayo za wachezaji: wakichangamka, huongeza, wakichoka, huwapumzisha kwa wimbo wa taratibu.

Visiwani Unguja hali ni hiyo hiyo katika kidumbak, ngoma ya harusi iliyo jamaa ya taarab. Humo fidla hupigwa pamoja na vidumbak viwili, cherewa, mikwasa na sanduku lenye uzi mmoja wa sauti nzito. Mwimbaji huunganisha wimbo na wimbo bila kukatiza, na fidla humfuata kwa muda mrefu kadiri wachezaji wanavyotaka. Mpiga fidla aliyezoea dakika tano tu za jukwaani hawezi kazi hiyo. Stadi ya kuunganisha nyimbo, kubadili mwendo na kuwatazama wachezaji hupatikana katika ngoma ndefu, na ngoma ndefu zikikoma, stadi hiyo hupotea hata kama ala zenyewe zimehifadhiwa.

MIFANO YA HAPA NCHINI

Suala hili si geni kwa Taifa letu. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba wasomi walijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, na tamasha lake huwakutanisha wasanii kutoka sehemu nyingi.

Mfano unaotufaa zaidi uko Chamwino, mkoani Dodoma, ambako vikundi vya vijijini hukutana katika tamasha la muziki wa Cigogo. Jambo la kuzingatia ni kwamba watazamaji wengi ni wenyeji wenyewe, wanaozijua nyimbo na wanaoweza kutambua aliyekosea. Katika mkoa jirani wa Mbeya, mji wa Tukuyo nao umekuwa na tamasha la ngoma za jadi.

HALI YA SONGWE

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kugawanywa mkoa wa Mbeya. Humo wanaishi Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali, Walambya, Wabungu, Wawanda na wengineo. Wanyamwanga wana ndugu zao Zambia, na Walambya wana ndugu zao Malawi. Tunduma, kwa kuwa mji wa mpakani wenye barabara kuu na reli ya TAZARA, hupokea watu wa kila lugha.

Mji wa namna hiyo una neema na una hatari. Kijana anaweza kusikia muziki wa nchi tatu kwa siku moja, lakini anaweza pia kukua bila kuona ngoma ya babu yake ikichezwa tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee waliobaki na stadi hizo hawataishi milele, na mzee akifariki kabla ya kupata mwanafunzi, hakuna ofisi iwezayo kuirejesha kazi yake.

MAMBO YA KUZINGATIA

Wanaokusudia kuandaa mkusanyiko wanashauriwa yafuatayo:

1. Kuwasiliana mapema na Afisa Utamaduni wa Halmashauri. Vikundi vya sanaa vinatakiwa kusajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984.

2. Asubuhi ya Jumamosi iwe ya mafunzo. Kila fundi aketi na vijana wachache, nao wapewe ala mikononi.

3. Jioni iwe ya ngoma, na kila kikundi kipewe muda wa kutosha kumaliza mzunguko wake wote badala ya kukatwa na kengele.

4. Jumapili vijana wapige na kucheza mbele ya wazee, nao wazee wawasahihishe hapo hapo.

5. Nyimbo zirekodiwe kwa ridhaa ya wenyewe, na majina ya wapigaji na ya vijiji vyao yaandikwe.

6. Wazee wapatiwe usafiri, chakula na malazi kabla ya kununuliwa mapambo ya jukwaa.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Usemi huu hutajwa mara nyingi katika hotuba, lakini mila haidumishwi kwa kutajwa. Kila familia yenye mzee ajuaye kupiga, kuimba au kucheza inaombwa imkabidhi walau kijana mmoja wa kujifunza kwake, wakati mkono wa mzee huyo ungali na nguvu ya kushika upinde.