Kunyoosha Meno Si Pambo Tu

Ndugu wazazi wa Karagwe na Kyerwa, wako miongoni mwetu wadhanio kwamba kunyoosha meno ya mtoto kwa waya ni kubadili umbo aliloliumba Mwenyezi Mungu. Yatupasa tupambanue. Alilolikataza Mtume (s.a.w.) ni kuachanisha meno kwa ajili ya uzuri, ama kuondoa dhara, wanavyuoni wamejuzisha.

Na dhara lipo. Meno yaliyobanana huficha mabaki ya chakula mahali mswaki usipofika, jino likaoza na ufizi ukavimba. Meno ya mbele yaliyochomoza huvunjika upesi mtoto aangukapo. Yasiyokutana hayatafuni sawasawa.

Tena tusiyaharibu kwa mikono yetu. Hapa Tanzania, na kwa jirani zetu wa Uganda, wako wachimbao ufizi wa mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha, wakidai kumtoa "meno ya plastiki". Wakitoacho ni chipukizi la jino la utotoni, na jino la ukubwani lililo chini yake huweza kuharibika au kuota upande. Mtoto huyo apelekwe hospitali, kwani ugonjwa wake haumo ufizini. Mwana ni amana, na meno yake ni katika amana hiyo.